Kamba Aliyoikata Mwajabu

Mwajabu binti Mtoro alizaliwa Kiongoroni, kijiji cha Delta, pale mto unapoingia baharini, mahali ambapo mtoto hujifunza kumkwepa mamba kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Kiboko alimwona uso kwa uso akiwa na miaka sita. Mtumbwi ulimpindukia akiwa na kumi na miwili. Alizaa watoto watatu, na mmoja alizaliwa ndani ya boti, boti ikiwa njiani kuitafuta zahanati. Yote hayo hayakumfanya mwoga. Woga aliufahamu ukubwani, akiwa tayari ni bibi wa mjukuu mmoja, na mahali alipoufahamu ni kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kaa. Kwenye kijito kimoja kisicho mbali na kijiji kulikuwa na kambi ya kunenepesha kaa, mali ya tajiri mmoja wa Kibiti aitwaye Mzee Tamimu. Kaa waliokonda walinunuliwa kwa wavuvi, wakatiwa kwenye vizimba vya mianzi, kila kaa na chumba chake, kwa kuwa kaa wawili wakikaa pamoja mmoja humla mwenzake. Humo walilishwa samaki wa kukatakata mpaka wakajaa nyama. Vizimba huelea. Maji yakijaa hupanda nayo, maji yakipwa hulala topeni. Pembeni kuna uzio wa fito za mikandaa, miti ya jamii ya mikoko, ili mkondo usivichukue. Na siku za bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine zote, juu ya uzio ule hufungwa wavu, nguzo kwa nguzo, kamba kwa kamba. Wavu wa juu usipofungwa, vizimba hupanda na maji, vikauruka uzio na kwenda zake baharini.

Msimamizi wa kwanza aliitwa Abbasi. Hakuwa mtu wa kupiga, wala matusi yake hayakuwa mengi. Ubaya wake ulikuwa mmoja: alihukumu kabla ya kusikia. Siku moja Twalibu, aliyekuwa akilisha kaa pamoja na Mwajabu, alikuta fito tatu za uzio zimeoza. Akaenda mbio kusema.

"Nani mwingine ameona?" Abbasi akamuuliza.

"Mimi tu, bosi. Nimewahi kukwambia kabla maji hayajajaa."

"Wewe tu. Basi aliyejua kwanza ndiye aliyefanya. Panda boti."

Twalibu akacheka, akidhani ni mzaha. Alicheka mpaka alipoona mashine ya boti inawashwa na begi lake limetupwa ndani. Hakurudi tena.

Tangu siku hiyo kambi nzima ilijifunza maneno matatu: sijui, sikuwepo, sikuona. Watu waliyasema kwa wepesi, kama mtu aitikiavyo salamu. Saa kumi ikigonga, kisu huachwa juu ya samaki aliyekatwa nusu. Alasiri moja Mwajabu alikiona kizimba ambacho kifuniko chake kimefunguka, na kaa wanatoka mmoja mmoja, wanatambaa topeni kwa madaha kama wageni wanaoaga harusini. Aliwatazama. Akajifuta mikono kwenye kanga yake, akaenda kupanda mtumbwi. Hakuwa na chuki na kaa, wala na mwenye kaa. Aliogopa tu kuwa mtu wa kwanza kujua.

Woga huo alirudi nao nyumbani. Ulikaa naye jikoni, ukalala naye kitandani. Simu ikilia alishtuka. Mjukuu wake akivunja kikombe, Mwajabu alijikuta akisema, "Si mimi," kabla hajageuka kutazama kilichovunjika.

Abbasi alikaa miaka mitatu, kisha tajiri akamhamishia kwenye biashara yake nyingine. Akaja Sabra, binti wa Kibiti, mwenye miaka thelathini na kidogo na buti za mpira zilizomzidi miguu.

"Buti zimekuja," Mwantum akanong'ona siku ile ya kwanza. Mwantum alikuwa mfungaji wa magando ya kaa, na ndiye aliyekuwa mdomo wa kambi. "Tusubiri na mwenyewe atafika kesho."

Watu wakacheka kwa pua. Lakini Sabra alikuwa na mambo yake. Kazi ya kuingia topeni, ambayo Abbasi aliwapa asiowapenda, yeye aliitia kwenye kura. Kila Jumamosi majina yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakakorogwa ndani ya bakuli, na jina lake mwenyewe lilikuwa humo humo. Wiki ya pili likatoka. Akaingia topeni hatua nne, buti moja ikabaki chini, na yeye akakaa kitako kwenye matope mbele ya watu wote.

"Karibu Delta, dada!" Mwantum akapiga kelele.

"Ahsante," Sabra akajibu kutoka kule chini. "Nimeshakaribia."

Halafu ikatokea siku ya kenge. Kizimba kilikutwa wazi, na Sabra, kwa haraka yake, akamgombeza Mwantum mbele ya wote kwamba hakufunga kifuniko. Mwantum akanyamaza, maana hayo alikuwa ameyazoea. Kesho yake asubuhi Sabra akawaita watu.

"Jana nilimkosea Mwantum mbele yenu, na sikumuuliza hata neno moja. Kifuniko kile kimevunjwa na kenge, nimeona nyayo zake. Mwantum, niwie radhi."

Mwantum, ambaye hajakosa neno tangu alipoacha ziwa la mama yake, alikosa neno.

"Kuanzia leo," Sabra akaendelea, "hataadhibiwa mtu hapa kabla hajasikilizwa. Na mtu akija mwenyewe kusema kosa lake, kuja kwake kutahesabiwa."

Mwajabu aliyasikia maneno hayo kama mtu asikiavyo redio ya jirani. Yalikuwa mazuri. Lakini Mzee Tamimu hakuwepo pale, na maneno ya msimamizi hupimwa tajiri akiwapo.

Hata hivyo jambo fulani lilianza kutembea pale kambini, taratibu, kama maji yanayoanza kujaa bila mtu kuona. Mwantum alionekana akikaza vifuniko visivyokuwa vyake. Watu walichelewa kupanda mitumbwi, wakibishana kuhusu kaa fulani mkubwa kama anaumwa au anajivua gamba. Na siku Sabra alipouliza ni nani anayeyajua maji kuliko wote, vidole vyote vilimwelekea Mwajabu.

"Basi wavu wa juu ni wako, Bi Mwajabu. Wewe ndiye utakayesema siku ya kuufunga na siku ya kuufungua."

Alirudi nyumbani jioni ile akitembea kama mtu aliyebeba yai. Kwa miezi minane hakukosea hata mara moja.

Mwaka ule Idi zilikuwa mbili, kama inavyotokea. Mawingu ya masika yalikuwa yameziba mbingu. Kibiti na sehemu nyingi walisali Jumatatu, kwa kuwa mwezi ulisemekana umeonekana. Kiongoroni mwalimu wa msikiti akasema hawakuona kitu, akawakamilishia siku thelathini za kufunga, wakasali Jumanne. Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Waliosali Jumatatu waliwapelekea pilau waliofunga, na waliofunga wakaisubirisha mpaka magharibi.

Watu wa Delta huyahesabu maji kwa mwezi. Mwezi kumi na nne, bamvua imeingia, wavu unafungwa. Mwajabu alianza kuhesabu mwezi mpya, mfunguo mosi, siku aliyosali yeye, Jumanne. Usiku mawingu hayakumwonyesha mwezi wenyewe ili umsahihishe. Jioni moja aliutazama wavu uliokunjwa juu ya ulingo wa miti kando ya uzio, akahesabu kwa vidole, akapata kumi na tatu. Akasema, "Kesho." Akaenda zake nyumbani kumpikia mjukuu.

Mbinguni ilikuwa kumi na nne. Na mto, ulioshiba mvua za bara, ulikuwa ukishuka na maji yake kuja kukutana na maji ya bahari.

Asubuhi yake alifika kambini wa kwanza, kwa sababu kukata chakula cha kaa ilikuwa zamu yake. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Kwanza alidhani macho yake hayajaamka. Ndani ya uzio, palipokuwa na vizimba arobaini, palikuwa na nafasi. Maji matupu, ya kahawia, yenye povu na majani ya mikoko. Akahesabu vilivyobaki. Kumi na saba. Alama ya maji kwenye nguzo ilikuwa imepita fito za juu kwa kiganja kizima.

Akageuka kuutazama ulingo. Wavu ulikuwa pale pale, umekunjwa vizuri, umeviringwa kama mtoto mchanga.

Ndipo Idi mbili zikamjia kichwani. Akashika nguzo.

Kwa mbali, ng'ambo ya kijito, aliuona mtumbwi wa Nasibu, mlinzi wa usiku, ukizunguka huku na huko. Nasibu alikuwa mtu wa Nyamwage, mtu wa barabarani, na kambi nzima ilimtania kwamba hajui kuogelea ila kwenye dimbwi la lami. Alikuwa akivua kwa mikono vipande vya mianzi vilivyovunjika, mgongo kampa Mwajabu.

Mwajabu hakufikiri. Baadaye alipojiuliza ni lini aliamua, hakuona mahali pa uamuzi. Mikono ilikwenda yenyewe, kama mikono ya mtu anayezama. Ilishusha wavu kutoka ulingoni na kuufungua, ikauacha uanguke nje ya uzio, kwenye tope, kama uliosukumwa na maji. Ikachukua kamba. Ikafunga vipande vitatu kwenye nguzo tatu, fundo zuri, fundo lake analojulikana nalo. Kisha ikachukua kisu cha samaki na kuvikata. Alipoona kwamba kamba iliyokatwa na kisu ina mdomo safi, akainama akaitafuna ncha, akaichambua kwa meno uzi kwa uzi, mpaka ikafanana na kamba iliyokatika kwa nguvu ya maji. Chumvi ikamjaa kinywani pamoja na harufu ya samaki.

Sasa, kwa atakayetazama, wavu ulikuwa umefungwa jana. Sasa maji yaliukata, na mlinzi hakuangalia.

"Dada Mwajabu!" Nasibu alimwona, akapiga kasia kuja. Alipofika uzioni uso wake ulikuwa umenyauka kama jani la mgomba. "Dada, mimi nimekwisha. Nimekwisha kabisa."

"Kumetokea nini?" Mwajabu akauliza, na sauti yake mwenyewe ikamtisha kwa jinsi ilivyokuwa ya kawaida.

"Nililala. Mvua ilikuwa kubwa, nikaingia bandani kunyoosha mgongo, kuamka najikuta vizimba haviko. Wavu umekatika na mimi nimelala! Ningeamka ningeukaza." Akazitazama zile kamba tatu kwenye nguzo. Hakuwa na shaka nazo; aliingia zamu mvua ikinyesha, ulingo hakuutazama. "Na leo siku ya kupakia kaa. Mzee anakuja. Nina watoto wanne Nyamwage, dada yangu."

Mwajabu alifungua kinywa. Uzi mmoja wa kamba ulikuwa bado umeng'ang'ania kwenye jino lake. Akafunga kinywa.

Watu wakaja. Mwantum alipiga ukelele mmoja, kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliwaogopesha wengine kuliko ukelele. Sabra alikuja na buti zake, akasimama uzioni muda mrefu. Hakuuliza ni nani. Aliuliza tu kama kuna mtu ameumia. Kisha akasema Mzee Tamimu yuko njiani kutoka Nyamisati, na kwamba atakapofika wote watakaa chini na kila mtu atasema.

Saa ile ya kungoja Mwajabu alikata samaki. Alikata mpaka akakata kidole, na damu ikachanganyika na chakula cha kaa. Alikuwa akisikiliza mlio wa boti. Kila mlio wa mbali, hata wa nyuki, ulikuwa boti. Alijiambia: hakuna aliyeona. Alijiambia: Nasibu kweli alilala, kulala ni kosa, hasemewi uongo. Alijiambia: wakati wa Abbasi kila mtu alijiokoa mwenyewe, na mimi ni nani niwe wa kwanza kuzama? Lakini Nasibu alikuwa amekaa juu ya ndoo hatua kumi kutoka kwake, mikono katikati ya magoti, na kila akimtazama alikiona kichogo cha Twalibu ndani ya boti.

Boti ilifika saa tatu na nusu.

Mzee Tamimu alikuwa mtu mzima mwenye kanzu safi, na kuiona kanzu ile nyeupe katikati ya tope lile kulitosha kumfanya mtu ajione mchafu. Hakukaa.

"Nani alikuwa zamu?"

"Mimi, mzee," Nasibu akasema, akasimama. "Nililala. Mvua ilinishinda, nikaingia bandani. Sina la kuongeza."

"Vizuri. Amesema mwenyewe. Panda boti."

Mwajabu alihisi baridi, kana kwamba maji ya kijito yamempanda mpaka shingoni. Maneno yale yale mawili. Basi ndivyo ilivyo, akawaza. Kila kitu kilikuwa maneno ya redio.

"Bado, mzee," Sabra akasema.

Mzee akageuka. "Bado nini?"

"Bado hatujamsikia kila mtu. Hapa hatuadhibu kabla ya kusikia."

"Hapa wapi? Hapa ni kwangu."

"Ni kwako, mzee. Na mimi ndiye uliyenipa niwasimamie. Niache niwasikilize, halafu utasema."

Alilisema hilo kwa sauti ya chini, ya adabu. Lakini Mwajabu alikuwa amekaa karibu na miguu yake, na aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Mkono wa Sabra, ule aliouficha nyuma, ulikuwa ukitetemeka. Vidole vyake vilishikana, vikaachana, vikashikana tena. Binti huyu aliogopa. Aliogopa kama Mwajabu anavyoogopa, pengine zaidi, na bado alikuwa amesimama pale pale, buti zake ndani ya tope, kwa ajili ya mlinzi aliyelala.

Mwajabu aliutazama mkono ule. Kitu ndani ya kifua chake, kilichokuwa kimekunjwa kwa miaka, kikafumuka chenyewe.

Aliinuka, akatembea mpaka kwenye nguzo ya karibu, akafungua lile fundo lake, akarudi na kipande cha kamba, akakiweka mkononi mwa Sabra.

"Hii haikukatika," akasema. "Nimeikata mimi, leo asubuhi. Na hizo mbili nyingine. Nimezitafuna na meno. Wavu haukufungwa kabisa."

Kaa mmoja akagonga gando lake kwenye mwanzi, tak, tak.

"Unamsikia?" Mzee Tamimu akapaza sauti. "Mzembe na mwongo kwa pamoja! Wote wawili, botini!"

"Bi Mwajabu," Sabra akasema, kana kwamba hakusikia, "kwa nini haukufungwa?"

Miaka minne alikuwa amefanya kazi pale. Hilo lilikuwa swali ambalo hakuwahi kuulizwa hata mara moja. Alilitafutia jibu kama mtu anayetafuta kitu gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kwangu mimi jana ilikuwa kumi na tatu," akasema. "Nilihesabu tangu Idi. Idi yetu sisi, ya Jumanne. Nikasema nitaufunga leo. Mwezi sikuuona, mawingu. Asubuhi nilipoona maji yamepita fito ndipo nikajua mwezi ulikuwa wa Jumatatu." Akaionyesha ile kamba. "Hilo la kwanza lilikuwa kukosea. La pili, la kamba, sikukosea. Hilo nilitaka. Nilitaka aondoke Nasibu, nibaki mimi."

Nasibu alimtazama. Mwajabu hakuweza kumtazama.

"Yaani Idi mbili ndizo zilizotuponza," Mwantum akasema polepole, na mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko cha woga, kikakatika haraka.

"Mzee," Sabra akasema, "wewe ulisali lini?"

"Jumatatu. Kuna nini?"

"Na mimi Jumatatu. Nilikuwa Kibiti, nikarudi Jumanne nikawakuta hawa ndio wanavaa nguo mpya. Niliona kwa macho yangu. Na sikuuliza wavu wa kambi unafuata Idi ya nani. Nilimwachia mtu mmoja hesabu ya maji ya kambi nzima, nikalala. Hilo ni langu." Akawageukia wale wawili. "Nasibu atapewa barua ya onyo kwa kulala lindoni. Bi Mwajabu, kwa kukosea hesabu hana barua. Kwa kamba anayo, na wavu sitamwachia mpaka mwezi wa tatu kutoka sasa. Ataingia topeni bila kura mpaka wakati huo. Wote wawili wanabaki."

"Na kama nikikataa?"

"Utawafukuza, mzee, una haki hiyo. Ila ujue, amekuja mwenyewe. Leo akipanda boti kwa kuja mwenyewe, hakuna atakayekuja tena. Fito zitaoza na wewe utakuwa wa mwisho kuambiwa."

Mzee Tamimu alitazama uzio, akaitazama ile nafasi tupu yenye povu. Haikujulikana alikuwa anawaza nini. Wenye mali huwaza kwa ndani. Hatimaye akapangusa tope kwenye pindo la kanzu, likazidi kusambaa.

"Hizo barua uziandike leo," akasema. "Na yako wewe nitaiandika mimi, kwa mkono wangu." Akarudi kwenye boti, akakaa, akafungua mwavuli.

Hakuna aliyeshangilia. Watu walisimama kama waliosahau njia. Kisha Mwantum akapandisha kanga yake, akaifunga kiunoni.

"Maji yakirudi alasiri yatavichukua vizimba vilivyokwama," akasema. "Vingine vitakuwa kwenye mikoko kule chini. Mwenye miguu aje."

Sabra hakuwa ametoa amri. Waliingia wote, hata wale ambao zamu yao ilikuwa kivulini. Mitumbwi mitatu ilishuka na kijito, wengine wakaenda kwa miguu kandokando, wakizama mpaka mapajani. Saa sita ilipita na hakuna aliyeulizia chakula. Kizimba kimoja kilipatikana kimelala kifudifudi. Vingine viwili vilikuwa vimeshikwa na mizizi ya mkoko, kaa wao wazima, wenye hasira. Kingine kilikuwa kimepasuka, hakina kitu. Kila kilipoonekana kimoja, sauti iliruka kutoka kwenye mikoko, na mtumbwi ukageuzwa.

Mwajabu alikwenda peke yake. Hakustahili, alijiona, kutembea na watu. Woga wake bado ulikuwepo. Ulikuwa umehama tu: aliogopa alasiri, aliogopa maji, alivihofia vile vyumba vidogo vya mianzi na viumbe waliofungiwa humo wasioweza kujitetea. Alivitafuta kama mtu anayetafuta watoto wa dada yake.

Nyuma yake alisikia tope likifyonza miguu ya mtu. Alijua ni nani kwa jinsi alivyokuwa akipiga hatua vibaya, hatua za mtu wa lami.

Nasibu alimfikia. Wakatembea sambamba, wakichungulia kwenye mizizi.

"Ungeniacha nifukuzwe?" hatimaye akauliza.

Mwajabu alitaka kusema hapana. Hapana lilikuwa karibu, jepesi, ndugu wa yale maneno matatu ya zamani.

"Wakati wa Abbasi ningekuacha," akasema. "Na leo pia nilishakuacha. Ulipokaa kwenye ndoo pale, nilikuwa nimeshakuacha."

"Nikakwambia nina watoto wanne."

"Ulinambia."

"Ukaendelea kukata samaki."

"Nikaendelea."

Nasibu akasimama. Tope lilikuwa limempanda mpaka kwenye mkanda. Alipumua kwa nguvu, na Mwajabu akangoja, shingo ameikunja, tayari kwa lolote litakalokuja, hata kama ni kofi. Aliona Nasibu ana haki hiyo.

"Sijakusamehe," Nasibu akasema.

"Najua."

"Usije ukadhani."

"Sidhani, mtani."

Mbele yao, ndani kabisa ya mizizi ya mkoko mmoja mkubwa, kulikuwa na kona ya mianzi inayong'aa. Waliiona kwa pamoja. Nasibu akatangulia, akateleza, akashika mzizi, akafika. Kizimba kilikuwa kimesimama wima, kimebanwa, na ndani yake kaa kumi na wawili walikuwa wakikwaruza. Akajaribu kukivuta peke yake. Hakikutoka. Akajaribu tena, akatukana kwa Kimatumbi, akajifuta jasho kwa kiwiko.

Ng'ambo ya mikoko maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Povu jembamba lilikuwa likipanda kuelekea juu.

"Umesimama unatazama nini?" akasema bila kugeuka. "Shika upande huo."

Mwajabu akashika.